Kuacha Vichangamshi: Kwa Nini Furaha Huchelewa Kurudi Katika Ubongo

Na Mwandishi Wetu

Familia inayomhudumia ndugu aliyeacha dawa za kulevya kwa kawaida huwa imejiandaa kwa kutapika, kuharisha na maumivu ya viungo. Hiyo ndiyo arosto inayofahamika mitaani, nayo ni arosto ya heroini. Kijana aliyekuwa akitumia kokeini, amfetamini au methamfetamini hapiti njia hiyo. Yeye hulala. Hulala siku mbili au tatu karibu mfululizo, huamka na njaa kali, hula, kisha hukaa. Katika kule kukaa ndipo wazazi wanapopatwa na mshangao: mpira aliokuwa akiufuatilia hautazami, rafiki akija hana la kumwambia, chakula alichokuwa akikiomba hukila kama anayetimiza wajibu. Akiulizwa anaumwa wapi, hujibu kwamba haumwi popote. Wengi huhitimisha kwamba ni uvivu, au kiburi, au kwamba moyoni bado hajaamua kuacha.

Utafiti wa zaidi ya nusu karne unaeleza jambo tofauti. Kinachokuwa kimepungua katika siku hizo ni wepesi wa ubongo kuitikia tuzo, yaani uwezo wa kuhisi kwamba jambo zuri ni zuri. Upungufu huo unaweza kupimwa, una chanzo kinachojulikana, na una muda wake. Kuuelewa kuna manufaa ya moja kwa moja, kwa sababu ni katika kipindi hichohicho ambapo wengi hurudi kwenye dawa, na baadhi hufikia hatua ya kutaka kujitoa uhai.

Vichangamshi ni kundi la dawa zinazoongeza kasi ya utendaji wa mfumo wa fahamu. Mtumiaji huwa macho, hujiona ana nguvu na ujasiri, husahau njaa na usingizi. Katika kundi hili zimo kokeini, amfetamini na methamfetamini. Imo nikotini ya tumbaku. Na imo kathinoni, kiini cha ulevi kilichomo katika majani ya mirungi, ambayo majirani zetu wa Kenya huyaita miraa. Nguvu za dawa hizi hazilingani hata kidogo, lakini zote huigusa kemikali moja ya ubongo inayoitwa dopamini.

Neva za ubongo hazigusani. Kati ya neva moja na nyingine kuna mwanya mwembamba mno, na ujumbe huuvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kwamba dopamini ni mjumbe kamili katika ubongo, si malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine kama ilivyodhaniwa hapo awali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Katika hali ya kawaida, dopamini ikishafikisha ujumbe hurudishwa ndani ya neva iliyoitoa kupitia milango maalumu. Kokeini huiziba milango hiyo, hivyo dopamini hubaki imejaa kwenye mwanya. Amfetamini na methamfetamini huenda mbali zaidi: huingia ndani ya neva na kuisukuma dopamini itoke kinyumenyume kupitia milango ileile. Matokeo yake ni wimbi la dopamini ambalo chakula, mapenzi au ushindi wa timu hauwezi kulifikia.

Hapa inafaa kusahihisha usemi uliozoeleka kwamba dopamini ni "kemikali ya furaha." Usemi huo ni rahisi kukumbuka, lakini unapotosha. Majaribio ya Wolfram Schultz kwa nyani yalionyesha kwamba neva za dopamini huwaka zaidi mnyama anapopata kizuri ambacho hakukitarajia. Akishazoea kwamba taa fulani hutangulia kinywaji kitamu, neva hizo huitikia taa badala ya kinywaji. Mtafiti mwingine, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, ametumia miaka mingi kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: kukitaka kitu na kukifurahia. Dopamini hufanya kazi zaidi upande wa kutaka, yaani ile nguvu inayomwinua mtu kitini akafuate kilicho chema. Tofauti hii itahitajika baadaye katika makala haya.

Swali ni jinsi gani mtu anaweza kuipima raha. Jibu lilipatikana kwa bahati. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner, wakiwa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoanzia kwenye elektrodi iliyokosea njia. Walikuwa wamekusudia kuifikisha sehemu nyingine ya ubongo wa panya, ikaishia penginepo. Wakabaini kwamba panya yule alikuwa akirudi kila mara mahali alipopewa umeme kidogo, kana kwamba anautafuta. Walipowawekea panya wenzo mdogo ili wajipatie umeme wenyewe, baadhi waliubonyeza zaidi ya mara 1,000 kwa saa. Sehemu za ubongo zilizogunduliwa kwa njia hiyo ndizo zikaja kuitwa mfumo wa tuzo.

Ugunduzi huo uliwapa watafiti kipimo. Umeme unaweza kupunguzwa hatua kwa hatua hadi panya aone hauna maana tena kuubonyezea wenzo. Kiwango kidogo kabisa ambacho bado anaona kinafaa huitwa kizingiti. Panya akiwa chini ya kokeini au amfetamini, kizingiti hushuka: umeme hafifu ambao jana hakuujali, leo anaufanyia kazi. Dawa ikishatoka mwilini, kizingiti hupanda kupita pale kilipokuwa kabla ya dawa. Umeme uleule uliomridhisha wiki iliyopita sasa haumtoshi. Hakuna anayeweza kumshutumu panya kwa uvivu wala kukosa malezi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo pekee lingetosha kumfanya mzazi asite kabla ya kumkaripia mwanawe.

Mwaka 1991 Athina Markou na George Koob walichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa katika mjadala huu. Waliwaruhusu panya kujipatia kokeini kwa vipindi vya urefu tofauti, kisha wakapima kizingiti baada ya dawa kuondolewa. Kadiri panya alivyokuwa ametumia kwa muda mrefu zaidi, ndivyo kizingiti kilivyopanda zaidi na kuchelewa kushuka. Mwaka 1998 kundi la watafiti hao liliripoti hali kama hiyo kwa nikotini: panya walioondolewa nikotini walikuwa na kizingiti cha juu kwa takriban siku nne. Mvutaji wa sigara aliyewahi kuacha kwa siku tatu akaona dunia imechusha, na kuwashwa na hasira zisizo na sababu, atautambua upesi ukweli wa matokeo hayo.

Utafiti wa mwaka 2002 wa Serge Ahmed na wenzake ndio unaotia wasiwasi zaidi. Panya wa kundi la kwanza waliruhusiwa kokeini saa moja kwa siku, wa kundi la pili saa 6. Kundi la kwanza halikuongeza matumizi, na kizingiti chao hakikupanda. Kundi la pili liliongeza matumizi siku hadi siku, na kizingiti chao kilipanda pole pole bila kurejea mahali pake kabla ya awamu iliyofuata. Kila asubuhi panya hawa walianza wakiwa na deni la jana. Walikuwa wakitumia dawa zaidi, na huku uwezo wao wa kuhisi tuzo ukizidi kupungua. Koob ameeleza hali hiyo kuwa ni kuhama kwa kiwango cha kawaida: mwili haujitahidi tena kurudi pale ulipoanzia, bali umeweka makao mapya chini zaidi.

Mtu akitoka kwenye jua kali la saa saba mchana akaingia ndani, kwa dakika chache huona giza ingawa taa inawaka. Macho yake yalijipunguzia wepesi ili yahimili mwanga wa nje, na marekebisho hayo hayaondoki papo hapo mwanga unapoondoka. Ubongo uliozamishwa katika dopamini hufanya vivyo hivyo kwa njia kadhaa kwa pamoja. Hupunguza vipokezi vya dopamini, hasa vile vinavyojulikana kama D2. Huongeza uzalishaji wa dainofini, kemikali ya asili inayozuia dopamini kutolewa na ambayo yenyewe huleta hali ya kusononeka. Huiamsha mifumo ya msongo, ambayo dawa ikiondoka hubaki imewaka. Aidha, vipimo vya wanyama vimeonyesha kwamba kiasi cha dopamini chenyewe hushuka chini ya kawaida katika saa na siku za mwanzo za kuacha. Marekebisho haya yalikuwa ya busara wakati dawa ilikuwepo. Dawa ikiondoka, yanabaki yakifanya kazi dhidi ya mwenyewe.

Kwa binadamu, maelezo ya kitabibu yanayonukuliwa sana ni ya Frank Gawin na Herbert Kleber, waliowafuatilia watumiaji wa kokeini nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Walieleza hatua tatu. Kwanza ni mporomoko, unaochukua saa kadhaa hadi siku chache: uchovu mkubwa, usingizi, njaa, huzuni nzito. Kisha huja kipindi cha wiki kadhaa ambapo usingizi umerekebika na mgonjwa anaonekana mzima, ila dunia haina ladha. Hatua ya tatu ni ndefu zaidi, ambapo hali ya moyo imerejea lakini hamu ya dawa hufufuka kwa vipindi. Tafiti za baadaye zilizofanyika ndani ya hospitali hazikuziona hatua hizi zikiwa zimegawanyika wazi namna hiyo. Kwa wagonjwa wengi dalili zilipungua taratibu bila mipaka. Hata hivyo, maelezo ya ile hatua ya kati yanalingana vizuri na yale ambayo familia huyashuhudia nyumbani.

Kasi ya kuanza kwa dalili hutegemea dawa. Kokeini hudumu muda mfupi katika damu, kiasi kwamba nusu yake huondoka ndani ya takriban saa moja, hivyo mporomoko huja upesi. Methamfetamini huchukua saa 10 hadi 12 kupungua kwa nusu, na dalili za kuiacha huanza taratibu zaidi. Pamoja na uchovu, wagonjwa hueleza ndoto kali zenye kutisha, kukosa utulivu au, kinyume chake, uzito wa kutembea na kuzungumza.

Tangu miaka ya 1990, Nora Volkow na wenzake wametumia mashine za picha za ubongo kuangalia hali hiyo kwa watu wanaoishi. Walikuta kwamba watumiaji wa kokeini walikuwa na vipokezi vichache vya D2 kuliko watu wengine, na upungufu huo ulionekana hata miezi kadhaa baada ya kuacha. Mwaka 1997 waliripoti kwamba watumiaji hao walipopewa kichangamshi kingine chini ya uangalizi, ubongo wao ulitoa dopamini kidogo kuliko wa watu wasiotumia, na raha waliyoieleza ilikuwa ndogo pia. Tahadhari moja inahitajika: picha iliyopigwa baada ya mtu kuzama katika matumizi haiwezi peke yake kueleza kilichotangulia. Inawezekana baadhi ya watu walikuwa na vipokezi vichache tangu mwanzo, na majaribio ya nyani yanaonyesha kwamba pande zote mbili zina ukweli, yaani upungufu wa vipokezi huongeza uwezekano wa kuvutwa na dawa, na dawa nayo huongeza upungufu.

Habari njema ilikuja mwaka 2001. Timu hiyo iliwapima watu watano waliokuwa wameacha methamfetamini, mara ya kwanza wakiwa na miezi michache, mara ya pili baada ya mwezi wa 12 hadi wa 17. Milango ya kurudishia dopamini, ambayo ilikuwa imepungua sana katika vipimo vya kwanza, ilikuwa imeongezeka kwa wazi. Watu watano ni wachache, na katika vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa viungo hawakuwa wamepona kikamilifu. Hata hivyo, utafiti huo ulionyesha kwamba ubongo wa mtu mzima aliyeumizwa na methamfetamini unaweza kujijenga upya, na kwamba kipimo sahihi cha kazi hiyo ni miezi, pengine zaidi ya mwaka, wala si wiki mbili za kukaa ndani.

Tatizo ni kwamba hatari ya kurudi haishuki sambamba na dalili. Mwaka 2001 pia, Jeffrey Grimm, Yavin Shaham na wenzao walionyesha kwamba panya waliokuwa wakijipatia kokeini waliitikia zaidi ishara zilizoambatana na dawa kadiri muda wa kuacha ulivyosonga, hadi kufikia siku ya 60. Kwa maneno mengine, ile tofauti ya kutaka na kufurahia hufanya kazi kwa ubaya katika kipindi hiki. Uwezo wa kufurahia mambo ya kawaida umefifia, huku hamu inayoamshwa na ishara za dawa ikizidi kuwa kali. Kona ya mtaa, mlio wa simu ya mtu fulani, hata noti iliyokunjwa kwa namna fulani inaweza kumwamsha mtu ambaye pilau ya sikukuu haikumwamsha. Ndugu anayemwona amepata uchangamfu wa ghafla baada ya wiki za ubaridi asiuchukulie kuwa dalili ya kupona kabla ya kujua umetoka wapi.

Mirungi inastahili maelezo yake kwa kuwa ndicho kichangamshi, ukiacha tumbaku, kilicho karibu zaidi na wakazi wengi wa Afrika Mashariki. Kathinoni ilitengwa kutoka kwenye majani mabichi mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, na muundo wake unafanana sana na wa amfetamini. Majani yakikauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi; ndiyo sababu mirungi hufungwa kwenye majani ya migomba na kusafirishwa kwa mwendo wa kasi. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, likilimwa hasa Meru. Hapa Tanzania ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, na Mamlaka inayosimamia sheria hiyo imeteketeza mashamba yake mara kadhaa, yakiwemo ya wilayani Same mkoani Kilimanjaro.

Kwa kuwa hutafunwa, kathinoni huingia kwenye damu taratibu, na wimbi lake la dopamini ni dogo kuliko la dawa inayovutwa au kudungwa. Dalili za kuiacha nazo huwa nyepesi: usingizi, uzito wa mwili, kukosa hamu, ndoto mbaya, hasira za karibu. Wepesi huo huwapotosha wengi. Mtafunaji wa kila jioni ambaye asubuhi huamka amenuna, hana la kumfurahisha, kisha huchangamka mara kifungu kipya kinapofika, huamini kwamba mirungi humpa uchangamfu. Sehemu ya anachokipata jioni ni kule kulipwa alichonyang'anywa asubuhi.

Upande wa tiba, kuna pengo ambalo wananchi wanapaswa kulifahamu. Kwa waathirika wa heroini ipo methadoni, ambayo hapa nchini ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011 na huduma yake imeendelea kupanuliwa mikoani. Kwa vichangamshi kama kokeini na methamfetamini, dunia bado haijapata dawa ya namna hiyo. Methadoni haiwasaidii, na anayeacha vichangamshi hapaswi kunyimwa matumaini eti kwa sababu hakupewa kikombe dirishani. Huduma yake hutolewa na wataalamu wa afya ya akili, na msingi wake ni ushauri nasaha, usingizi, lishe, na tiba ya sonona pale inapothibitika.

Njia yenye ushahidi mkubwa zaidi hadi sasa inashangaza kwa urahisi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont aliwapa wagonjwa wa kokeini vocha kila mkojo wao ulipoonyesha hawajatumia. Vocha zilibadilishwa kwa bidhaa, na thamani yake iliongezeka kadiri siku safi zilivyofuatana. Wagonjwa hao walidumu katika tiba na kukaa bila dawa kwa muda mrefu kuliko waliopata ushauri wa kawaida. Tafiti nyingi zilizofuata zimekubaliana na matokeo hayo. Ukiyasoma kwa kuzingatia habari ya kizingiti, mantiki yake inaonekana: ahadi ya maisha bora baada ya miaka mitano haifiki kwenye ubongo wa namna hiyo, lakini kitu kidogo, cha uhakika, kinachotolewa leo, kinaweza kufika. Familia isiyo na vocha inaweza kuutumia utaratibu huohuo. Badala ya kumwahidi mtaji wa duka akikaa mwaka mzima, mwenye subira humpa kazi fupi ya leo yenye ujira au shukrani ya leo.

Mazoezi nayo yamechunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti mwaka 2016 kwamba watumiaji wa methamfetamini waliokuwa kwenye matibabu na kufanya mazoezi kwa wiki nane walionyesha ongezeko la vipokezi vya dopamini, ilhali kundi lililopewa elimu ya afya pekee halikuonyesha. Kundi lilikuwa dogo, na utafiti zaidi unahitajika. Gharama yake, hata hivyo, ni jozi ya raba na mtu wa kukimbia naye.

Siku za mporomoko zina hatari moja isiyosubiri. Huzuni ya wakati huo inaweza kuambatana na mawazo ya kujiua hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo kabla. Anayezungumzia kufa, anayegawa vitu vyake, au anayekataa kula na kunywa hata baada ya usingizi wa siku za mwanzo kwisha, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake njiani. Mhudumu wa afya aelezwe wazi ni dawa gani iliyotumika na lini mara ya mwisho, kwa kuwa baadhi ya wanaotumia vichangamshi hutumia pia heroini, pombe au dawa za usingizi, na kuacha pombe au dawa za usingizi ghafla kunaweza kuleta degedege linalohitaji matibabu ya haraka.